Waya Uliodhaniwa Hauna Umeme: Mhadhara juu ya Hatari za Umeme Kazini na Mafunzo ya Wafanyakazi



Waya ambao fundi anajua kwa yakini kwamba una umeme ndani yake si ndio unaomwua aghalabu, kwa kuwa huo huuendea kwa hadhari, mikono mikavu, macho wazi na roho iliyokwisha kujiandaa. Unaomwua ni ule aliodhani kwamba umezimwa, kwa sababu mtu alimwambia umezimwa, au kwa sababu taa za karakana zilikuwa hazijawaka tangu alfajiri, au kwa sababu jana, alipoushika waya huo huo mahali hapo hapo, haukumfanya kitu. Jambo hili moja ndilo nililokuja kulisema jioni hii, na yote yatakayofuata, ya mwili wa binadamu, ya vyombo, ya sheria na ya mafunzo, ni matawi yake: kwamba katika kazi ya umeme dhana haina mahali, na kwamba mafunzo yanayostahili kuitwa mafunzo ni yale yanayomtoa mfanyakazi katika dhana na kumtia katika desturi ya kuthibitisha, kila siku, hata siku aliyo na haraka, hata siku ambayo bwana mkubwa amesimama nyuma yake akitazama saa.

Nianze na hali yetu wenyewe. Katika nchi ambazo umeme haukatiki ila kwa nadra, fundi anayetaka kufungua sanduku la swichi hana budi kwenda kuuzima kwa mkono wake, na kule kuuzima kwenyewe kunamkumbusha kwamba umeme una mahali unapotoka na una mahali unapoweza kurudishwa. Sisi wa Afrika ya Mashariki tumezoea jambo jingine. Umeme hukatika wenyewe, kwa mgawo au kwa hitilafu, viwanda vikanyamaza, na hapo ndipo msimamizi, ambaye hataki saa za kazi zipotee bure, huwaambia watu wake: “Haya, madhali umeme haupo, tengenezeni ile soketi, badilisheni ule waya wa mota.” Kauli hii yaonekana kuwa ya busara, nami naihesabu kuwa ya hatari kupita zote nizijuazo katika kazi hii. Umeme uliokatika wenyewe hurudi wenyewe. Haubishi hodi, haumwulizi mtu kama yungali juu ya ngazi, na unaporudi, katika kufumba na kufumbua, huja na msongo wake kamili, volti 230 kati ya fezi na nyutro, volti 400 kati ya fezi na fezi, ukaikuta mikono ya mtu pale ilipo.

Watu wa Unguja wana kumbukumbu zao katika mambo haya. Mwezi wa Mei 2008 njia ya umeme inayokuja kisiwani kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari iliharibika, na kisiwa kikakaa takriban mwezi mzima bila ya umeme wa gridi. Desemba 2009 ikaharibika tena, na mara hii giza likadumu hadi Machi 2010, yapata miezi mitatu. Katika siku zile jenereta zilivuma mahotelini, madukani na majumbani, na tangu hapo hata leo, Unguja kama Dar es Salaam, Mombasa kama Bujumbura, jenereta imekuwa chombo cha kawaida cha kazi, kinachonunuliwa na mtu yeyote mwenye uwezo na kuungwa na mtu yeyote mwenye bisibisi.

Sasa sikilizeni jinsi chombo hicho kinavyoweza kumwua mtu asiyekiona. Jenereta inapaswa kuungwa na nyaya za nyumba kwa kupitia swichi ya kubadilishia, ile inayohakikisha kwamba nyumba ama inatumia umeme wa gridi ama wa jenereta, wala si yote miwili kwa wakati mmoja. Minghairi ya swichi hiyo, na hasa pale mwenye nyumba anapotumia waya wenye plagi ya kiume katika ncha zote mbili, umeme wa jenereta hauishii kuwasha taa zake. Hutoka nje kwa njia ya mita, hupanda nyaya za mtaani, hufika kwenye transfoma. Na transfoma, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuteremsha msongo wa volti 11,000 kuwa 400, ikilishwa kwa upande wa pili hufanya kinyume chake bila ya kukosea, ikazipandisha volti 230 za jenereta ndogo ya dukani kuwa maelfu ya volti. Fundi wa laini aliye juu ya nguzo, mbali na duka hilo, ambaye ofisi imemwambia kwamba njia nzima imezimwa, na ofisi imesema kweli kwa kadiri ya ilivyojua, anashika waya ulioamshwa na mtu asiyemjua, ambaye hakukusudia ubaya wowote ila alitaka samaki wake wasioze ndani ya friji. Ndiyo maana mafundi wa njia kubwa, hata baada ya kuzima na kupima, hufunga nyaya za kwenda ardhini pande zote mbili za mahali wanapofanyia kazi, ili umeme wowote utakaokuja, utoke utokako, ukute njia ya kushukia kabla ya kuukuta mwili wa mtu. Fundi anayepuuza nyaya hizo kwa sababu kupima kumeonyesha hakuna umeme, amepima hali ya dakika ile, hakupima ya dakika ijayo.

Inafaa pia tujue ni kiasi gani cha umeme kinachotosha kumdhuru mtu, maana hapa pana kosa la hisabu ambalo hata mafundi wenye miaka mingi kazini hulifanya. Charles Dalziel, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California, aliwapima wanaume 134 na wanawake 28 waliojitolea, akitafuta kiwango ambacho mtu aliyeshika waya huweza bado kuuachia kwa hiari yake. Wastani aliouona ni miliampea 16 kwa wanaume, na 10 na nusu kwa wanawake. Zaidi ya hapo misuli ya mkono hukakamaa, na kwa kuwa misuli inayofumba vidole ina nguvu kuliko ile inayovifumbua, kiganja hukataa kufunguka, mtu akawa anaukumbatia waya ule ule anaotamani kuutupa. Ukipita kifuani umeme wa miliampea 50 hadi 100, moyo waweza kuacha mapigo yake ya taratibu ukawa watetemeka ovyo, damu isisukumwe popote, na baada ya dakika chache ubongo huanza kufa. Pimeni viwango hivyo kwa balbu ya wati 40, ambayo katika volti 230 hupitisha miliampea 174 hivi: sehemu ya kumi ya umeme uwashao taa ndogo ya ukumbini yatosha kuufunga mkono wa mwanamume mzima, na nusu ya umeme huo wa taa yatosha kuuvuruga moyo.

Kisha wazieni fyuzi ya ampea 13, ambazo ni miliampea 13,000. Fyuzi hiyo, na saketi breka nayo, ziliwekwa ili waya usipate moto ukaunguza jengo. Hazikuwekwa kwa ajili ya mwili wa binadamu, na mtu aweza kupigwa shoti hadi akafa ilhali breka imesimama pale pale, haikushuka, kwa kuwa kwa mizani yake halikutokea jambo la kuishughulisha. Nimesikia mara nyingi, na kwa watu wenye akili timamu, kwamba “lau pangalikuwa na hatari, breka ingalianguka.” Kauli hiyo yafaa ifutwe katika vichwa vya wafanyakazi kabla ya kufundishwa neno jingine lolote.

Kuna kifaa kingine kinacholinda mwili, nacho ndicho mafundi wanachokiita kwa herufi zake, RCD. Hicho hupima umeme uendao na umeme urudio, na kikiona pungufu la miliampea 30, ishara ya kwamba kiasi fulani kimepata njia isiyo yake, labda mwili wa mtu, hukata katika muda usiozidi theluthi ya sekunde. Yapendeza kukumbuka kwamba kifaa hiki kina historia ya Kiafrika: Henri Rubin alikiendeleza huko Afrika ya Kusini katika miaka ya 1950, kwanza kwa ajili ya migodi ya dhahabu, kisha kwa majumba ya watu, na Dalziel yule yule akatengeneza cha namna yake Marekani mwaka 1961. Hata hivyo, kifaa hiki kina kitufe cha kujaribia, na karakana nyingi zilizonacho hazijakibonyeza kitufe hicho tangu siku ya kufungwa kwake. Aidha hakimsaidii mtu aliyeshika fezi kwa mkono huu na nyutro kwa mkono huu akiwa amesimama juu ya ubao mkavu, kwani hapo umeme wote uendao hurudi kwa njia yake ya kawaida, nacho hakioni pungufu lolote.

Ama kinga ya mwili wenyewe, ngozi kavu huzuia umeme kwa ukinzani unaoweza kufika omu 100,000. Ikilowa, ukinzani huo hushuka hata kukaribia omu 1,000, na volti 230 zikigawanywa kwa 1,000 jawabu kila mmoja wenu aweza kulipata. Nalitaja hili kwa ajili ya watu wa pwani. Katika karakana ya Tanga au ya Mombasa mwezi wa Machi, kaskazi imekwisha na mvua za masika bado, mtu hufanya kazi akiwa amelowa jasho toka kichwani hadi kwenye kandambili zake, juu ya sakafu iliyomwagiwa maji ili kupunguza vumbi. Na vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa katika nchi za baridi humdhania mfanyakazi aliyekauka, aliyevaa buti na nguo nzito. Mkufunzi wa kwetu anapaswa kufundisha hatari ya jasho kama anavyofundisha hatari ya waya uliochubuka.

Sasa nije kwenye kuthibitisha kwenyewe, kwa kuwa ndiko kiini cha maneno yangu, nami nitakwenda polepole. Mfanyakazi anayetaka kufungua mashine huanza kwa kuuliza umeme wake unatoka wapi, na haridhiki na jawabu moja, maana mashine yaweza kuwa na chanzo cha gridi, chanzo cha jenereta, betri, siku hizi na paneli za jua juu ya paa, ambazo huendelea kutoa umeme maadamu jua lipo, hata swichi zote za chini zikizimwa. Akishavijua vyote, huvizima kimoja kimoja, na juu ya kila swichi huweka kufuli yake mwenyewe, pamoja na kibao chenye jina lake, kisha hutia ufunguo mfukoni mwake wala haupi mkono wa mwingine. Wakiwa watatu, kufuli huwa tatu, na mashine haiwezi kuwaka hadi wa mwisho wao aondoe yake. Hapo ndipo hutwaa kipimo chake, akakijaribu kwanza mahali anapojua kwa hakika kwamba pana umeme, akaona kinafanya kazi. Akapima nyaya za mashine, kila waya na mwenzake, kila waya na ardhi. Kisha akarudi mahali pale pa kwanza akakijaribu kipimo mara ya pili. Kule kurudi ndiko wanakoona watu wengi kuwa ni kupoteza wakati. Sababu yake ni kwamba kipimo chaweza kuharibika katikati ya kazi, waya wake ukakatika au betri ikaisha, nacho kipimo kilichokufa husema neno lile lile linalosemwa na waya usio na umeme: sifuri. Nimewaona mafundi stadi wakimcheka kijana anayepima kipimo chake mara mbili. Kijana huyo ndiye ningempa kazi.

Yale masanduku yenye kapasita, kama ya mota na ya mashine za kuchomelea za kisasa, huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa, na hayana budi kusubiriwa na kuondolewa umeme huo kwa kifaa chake kabla ya kuguswa. Nayo testa ya bisibisi, yenye kijitaa ndani ya mpini, ambayo ndiyo silaha pekee ya mafundi wetu wengi, hutegemea umeme kidogo upitao katika mwili wa mwenye kuishika. Juani kijitaa chake hakionekani, na kikiungua hakitoi habari ya kuungua kwake. Kwa kubahatisha fezi iko waya gani chaweza kufaa. Kwa kuthibitisha kwamba waya hauna umeme hakifai kabisa. Glavu za mpira nazo, kabla ya kuvaliwa, hukunjwa kutoka upande wa kifundo ili hewa iliyomo isukumwe vidoleni, na mtu akasikiliza kama pana tundu linalopumua. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Haya yote niliyoyasema yanajulikana. Yamo vitabuni, yamo katika mitaala ya vyuo vya ufundi vya VETA, na mtihani wake watu huufaulu. Kwa nini basi hayatendwi? Nadhani jawabu limo katika namna tunavyomlea kijana kazini. Kijana hutoka shuleni akawa saidia fundi. Hubeba ngazi, huchimba mashimo ya nguzo, humpa fundi pleasi na tepu, na huku akitazama. Anachokiona ni fundi anayeunga waya huku umeme umo, kwa sababu mwenye duka hataki friji zake zizimwe; anamwona akitia waya wa shaba mahali pa fyuzi, kwa sababu fyuzi zimekwisha; anamsikia akisifiwa kwa wepesi wake na kwa kutoogopa kwake. Kijana huyo hajafundishwa uzembe, amefundishwa ujasiri, naye aupokea kwa moyo safi kama sifa ya ufundi, na akija kuwa fundi atampa saidia wake sifa hiyo hiyo. Hakuna semina ya asubuhi moja, yenye chai na vitafunio na karatasi ya mahudhurio ya kutia sahihi, inayoweza kushindana na malezi ya miaka mitatu ya namna hiyo.

Sisi twaijua njia ya kale ya kufundisha. Mwanafunzi wa chuo cha Kurani hakusomewa somo lake mara moja akaachiwa aende zake; alilirudia mbele ya mwalimu hadi ulimi ukaenda bila ya kuamrishwa, na akikosea herufi moja alirudishwa mwanzo wa aya. Mkono wa fundi nao wataka kufundishwa hivyo hivyo. Karakana haikosi ubao mmoja mkongwe wa swichi usiounganishwa na kitu. Juu ya ubao huo kijana azime, afunge kufuli, apime, na arudie, leo, kesho na wiki ijayo, mbele ya mtu anayemtazama. Na mkufunzi mwema hutia mtihani ndani ya zoezi: huficha chanzo cha pili, betri ya volti 12 isiyoweza kumdhuru mtu, kisha akamwambia mwanafunzi kwa sauti ya kawaida kwamba umeme wote umekwisha zimwa. Anayepokea kauli hiyo akaanza kazi, amefeli, na kufeli kwake hapo kuna thamani kubwa; anayesema, “Naam, mwalimu, lakini ngoja nipime,” huyo ameanza kuwa fundi. Kumjibu mkubwa maneno hayo si utovu wa adabu, na kijana wa kwetu, aliyelelewa kuwaheshimu wakubwa zake, anahitaji kuambiwa hivyo waziwazi na mkubwa mwenyewe, tena mbele ya watu.

Mafunzo hayo yafanywe kwa lugha anayoiota mfanyakazi. Mashine zetu hutoka Ulaya, Uchina na Bara Hindi, na maonyo yaliyobandikwa juu yake yameandikwa kwa lugha za huko. Mtu anayeiendesha mashine ya kupasulia mbao haoni katika onyo hilo ila rangi nyekundu. Kuyatafsiri maonyo hayo na kuyabandika upya ni kazi ya siku moja kwa mtu mmoja mwenye kalamu nzuri.

Wala msidhani kwamba naongea na mafundi umeme peke yao, maana wapo wengi wanaoumizwa na umeme ilhali hawajawahi kushika bisibisi. Nondo huuzwa ikiwa na urefu wa mita 12, na nguzo ya njia ya volti 11,000 au 33,000 aghalabu ina mita 11 au 12, ambazo takriban sehemu ya sita imefukiwa ardhini. Kibarua wa ujenzi akiisimamisha nondo moja ili aipandishe ghorofani, ncha yake yapita juu ya waya. Umeme wa msongo huo haungoji hata kuguswa, kwani waweza kuruka pengo dogo la hewa. Mpaka rangi mwenye ngazi ya alumini, mfunga mabango, dereva wa tipa anayeinua bodi bila ya kutazama juu, mwanamke afagiaye sakafu ya mashine ya kusaga kwa maji, kila mmoja wao anahitaji somo fupi la mahali pake. Somo la kwanza la kiwanja chochote cha ujenzi ni kutembea pamoja, asubuhi, kabla ya kazi, na kutazama juu. Na waya ukianguka chini, ardhi yenyewe iliyouzunguka huwa na msongo unaotofautiana hatua kwa hatua, hata mtu anayekimbia kwa hatua ndefu akawa anaziunga kwa miguu yake sehemu mbili za ardhi zisizolingana. Aliye karibu aondoke kwa kuburura nyayo, zimebanana, na wengine wakae mbali.

Lipo pia jambo la cheche kubwa, ambalo mwaka 1982 mhandisi Ralph Lee wa Marekani aliandika juu yake akaonyesha kwamba mtu huungua vibaya bila ya kuguswa na umeme hata kidogo. Bisibisi ikianguka kati ya fezi mbili ndani ya sanduku kubwa, shaba huwa mvuke, na joto la cheche hiyo hupita lile la uso wa jua. Mwenye kufungua sanduku la namna hiyo asivae shati la nailoni, litakaloyeyuka juu ya ngozi yake.

Tuseme sasa kwamba yote yameshindikana, na mtu amelala chini. Wa kwanza kufika hutaka kumvuta, akawa maiti wa pili. Azime kwanza, au akiwa hawezi kuzima, na waya ni ule wa nyumbani, ausogeze kwa mti mkavu. Wako wanaokimbilia maji ili wammwagie, jambo ambalo halimrudishii mtu pumzi na laweza kumwua mwenye ndoo. Akiwa hapumui, kifua chake kibanwe kwa mikono miwili, katikati, kwa kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila ya kuchoka wala kusita, hadi msaada ufike. Njia hii haikutoka kwa matabibu peke yao. William Kouwenhoven alikuwa mhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na utafiti wake uligharimiwa na makampuni ya umeme ya Marekani kwa sababu mafundi wao wa laini walikuwa wakifa nguzoni; mwaka 1960 yeye, pamoja na James Jude na Guy Knickerbocker, walitangaza kwamba moyo uliosimama waweza kusukumiwa damu kwa kubanwa kifua, bila ya kisu, na mtu yeyote aliyefundishwa. Mwezi wa Julai 1967, mjini Jacksonville, Florida, fundi Randall Champion alipigwa na zaidi ya volti 4,000 akabaki akining’inia kichwa chini katika mkanda wake, juu ya nguzo, mwenzake J. D. Thompson akapanda, na kwa kuwa pale juu hapakuwa na namna ya kubana kifua, akamtia pumzi kwa kinywa hadi alipouhisi moyo unarudi. Picha iliyopigwa na Rocco Morabito ikapewa tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na Champion akaishi zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo. Watu huisifu picha hiyo kwa huruma iliyomo. Mimi naisifu kwa sababu Thompson, akiwa juu ya nguzo, katika dakika ambayo wengi wetu tungelia, alijua la kufanya.

Sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyochukua mahali pa ile ya viwanda tuliyorithi kwa Waingereza, na Wakala wake wa ukaguzi. Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007, inayomtaka mfanyakazi atoe habari aonapo hatari kubwa iliyo karibu, na inayomkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo hatari ingalipo. Leseni za mafundi hutolewa na mamlaka za kudhibiti nishati, EWURA kwa Tanzania Bara na EPRA kwa Kenya. Lakini leseni hutambulisha mtu, haiijui karakana anayoingia kesho, wala haijui kwamba ukutani kuna swichi inayozima mashine ya jirani badala ya hii. Hilo aweza kulifundisha mwenye karakana peke yake, na dhima hiyo hawezi kumtwika fundi wa nje wala mkaguzi wa serikali.

Najua jibu la wenye mali, kwani wengi wao wamenieleza kwa unyofu: nikimfundisha kijana akawa hodari, ataajiriwa na mwingine, na gharama imekwenda bure. Wako wanaoondoka, sikatai. Lakini yule asiyefundishwa hubaki, tena na mikono ile ile, karibu na mashine zile zile, kwa miaka. Na mwenye karakana atakayeniuliza aanze na nini wiki hii, kabla hajapata fedha za jambo jingine lolote, namjibu kwamba anunue kufuli moja kwa kila mtu agusaye mashine, aandike jina la mwenyewe juu yake, amkabidhi ufunguo ulio mmoja tu, na atangaze mbele ya wote kwamba hapana mtu, hata yeye mwenye mali, aliye na ruhusa ya kuikata kufuli ya mwenzake ili mashine iwake upesi. Kisha saa za kujifunza kuitumia kufuli hiyo azihesabu katika ujira.